Upenu Niliowaambia Wakate

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, wewe hukuiona vizuri. Ulikuwa mgongoni kwangu umelala, shavu limebanwa kwenye kanga, jasho langu na lako limekuwa moja. Tulikuwa tumesimama mbele ya meza ya meneja wa ile kampuni iliyotuezekea nyumba. Nasema tulisimama kwa sababu kiti kilikuwepo, ila kilikuwa kimewekewa katoni za misumari na hakuna aliyejisumbua kuziondoa.

Meneja mwenyewe ni kijana tu, pengine tumelingana. Aliniangalia, akaangalia simu yake, akasema, "Dada, tumeshakusikia. Sasa fanya hivi. Nenda kamlete mwenye nyumba, tukae naye, tuongee kiume, yaishe."

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Sawa, ni wewe. Lakini namaanisha yule mkubwa wa nyumba. Baba watoto."

Fundi mmoja aliyekuwa anakunywa chai pembeni ya meza ile akadakia, "Au baba watoto naye kaezuliwa na upepo?"

Wakacheka. Hata yule dada anayeandika risiti alicheka, na huyo ndiye aliyeniuma zaidi.

Nilikuwa nimebeba kopo la misumari, sehemu ya ile niliyoiokota uwanjani kwetu. Nilikuja nayo niwaonyeshe kwa adabu. Nikaimwaga yote mezani, juu ya simu yake, juu ya makaratasi yake, mingine ikadondoka kwenye chai ya yule fundi. Nikamwambia, "Tafuta humo msumari mmoja uliopinda. Mmoja tu. Imetoka kama ilivyoingia, kwa sababu mmeipigilia kwenye miti iliyooza. Baba watoto ndiye aliyeshika nyundo?" Ukaamka, ukaanza kulia, na mimi sikukubembeleza. Nilizidisha sauti. Mengine niliyoyasema siyaandiki hapa. Ukikua utayajua bila kufundishwa.

Sasa ngoja nikurudishe nyuma kidogo, uelewe hasira ile ilitoka wapi, maana mama yako sio mtu wa kumwagia watu misumari.

Nyumba yetu hii ya Katindiuka aliijenga bibi yako, mama yangu, kwa tofali mbichi, akaiezeka kwa nyasi. Upenu wake ulishuka mpaka mtu mrefu alikuwa anainama kuingia. Ndivyo zilivyo nyumba za zamani za huku kwetu: upenu unakuwa mrefu ili mvua isifike kwenye ukuta wa udongo, na chini yake watu wanakaa, wanapepeta mpunga, kuku wanakimbilia kivuli. Mimi nimejifunza kutembea chini ya upenu ule. Mama alipokaribia kufariki alisema kwa mdomo wake, mbele ya ndugu na mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwamba nyumba ni yangu. Baba yako alikuja akanikuta humu. Halafu akapanda treni akasema anakwenda Mlimba kununua mpunga, atarudi. Huo mpunga sijui aliununua wapi. Simu yake inaita, haipokelewi.

Nyasi zilipochakaa niliamua kuezeka bati. Na sikutaka bati la kuwekewa mawe juu. Nyumba hizo umeziona, zina mawe, tairi bovu, mifuko ya mchanga, na bado mawingu yakijikusanya watu wanakaa roho mkononi. Bonde letu ni wazi. Upepo unaotangulia mvua unakuja tokea mtoni bila kukutana na kitu. Kwa hiyo sikumwita fundi wa mtaani. Nilikwenda kwenye kampuni, wenye fulana za sare na ngazi zao wenyewe, nikawaambia nataka kazi ya kitaalamu.

Fundi wao mkuu alikuja kupima. Mpaka hapo sina ugomvi naye, alinieleza vizuri. "Mama, nyasi ni nzito, zinajikalia zenyewe. Bati ni jepesi. Upenu mrefu namna hii ukibaki, upepo utaingia chini yake na kuunyanyua kama unavyonyanyua nguo kwenye kamba. Tuukate. Miti ya zamani tuitoe yote, tupige kenchi mpya, zile fremu za mbao za kubebea bati, na kila kenchi tuifunge ukutani kwa mkanda wa chuma."

"Na ukuta wangu?"

"Utaupiga lipu ya saruji huku chini. Utakaa."

Iliniuma. Nilisimama pale mlangoni nikauangalia upenu wa mama yangu, nikasema kateni.

Kilikuwa kiangazi, wakati wa kuvuna. Na wewe unajua sisi wakati wa kuvuna tunahamia shambani, tunafunga nyumba tunalala kwenye vibanda bondeni mpaka mpunga uishe. Nilikubeba tukaondoka. Ufunguo nikamwachia Bibi Felista, jirani yetu, aliyekuwa rafiki wa mama na aliyekupokea ulipozaliwa. Nilijua narudi nakuta paa.

Nilirudi nikakuta paa kweli. Linang'aa mpaka macho yanauma. Na upenu uko palepale, mrefu vilevile, ila sasa ni wa bati. Nikapiga simu.

"Mwenye nyumba alipita akasema tuuache," fundi mkuu akaniambia.

"Mwenye nyumba yupi?"

"Yule mzee mwenye baiskeli."

Mwanangu, yule mzee mwenye baiskeli ni baba yako mkubwa Deo, kaka wa baba yako. Katika nyumba hii hajawahi kulala hata siku moja. Alikuwa anapita zake, akaona mafundi wanakata, akasimama, akatoa amri. Na watu wazima wale, wenye sare na ngazi zao, wakamtii kwa sababu alivaa suruali. Nilipomfuata akanijibu huku anacheka, "Shemeji, nyumba bila upenu si kibanda cha kufugia bata? Nimekuokolea ukuta wako. Ungeshukuru."

Kwa kuwa upenu ulibaki mrefu, mbao walizokuja nazo hazikutosha. Upande wa nyuma wakarudishia miti ileile ya zamani, wakaifunika bati, na mimi kutoka chini sikuweza kuiona. Mikanda ya chuma sikuiona pia, lakini hilo walinijibu kwamba imo, iko ndani. Nikawaambia waje wakate upenu. Wakasema watakuja. Nikaamini, nikangoja.

Mvua za kwanza zilikuja mchana. Kwanza kukawa kimya, kuku wakaingia ndani wenyewe, halafu upepo ukafika. Ulianza na upenu wa nyuma. Nilisikia bati linapumua, linapanda na kushuka, kama mtu anayetaka kusema kitu. Nilikushika nikaingia nawe chini ya kitanda cha mama. Sauti iliyofuata siwezi kukueleza. Nilipotoa kichwa niliona mawingu mahali palipokuwa na dari ya chumba chetu, na mvua inaanguka juu ya godoro, juu ya unga, juu ya nguo zako.

Majirani walikuja. Siwezi kusema hawakuja. Walituokotea bati moja kwenye shamba la watu, wakasema pole, wakasema haya ni mapenzi ya Mungu, na kiza kilipokaribia kila mtu akarudi kwenye paa lake. Kesho yake nikaazima turubai. Hujui, mwanangu, turubai ni kitu cha watu wawili. Mmoja anashika huku, mwingine anavuta kule. Mimi nilifunga pembe moja kwenye mlango, nikapanda ukuta, nikavuta pembe ya pili kwa meno huku mikono inashika tofali, na wewe uko chini kwenye beseni unaniangalia. Upepo ukalichomoa. Nikashuka, nikafunga tena. Siku ile sikulia kwa ajili ya bati. Nililia kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia, "Shika hapo."

Basi, ndiyo nikaanza kwenda ofisini kwao. Leo bosi hayupo. Kesho yake, njoo wiki ijayo. Upepo ni kazi ya Mungu, dada. Halafu wakapata jibu walilolipenda zaidi: mwenye nyumba mwanaume ndiye aliyetuelekeza, kwa hiyo lawama si yetu. Kila nilipokwenda nilikwenda kwa upole, nimevaa vizuri, nimejiambia leo nisikasirike. Mpaka siku ile ya misumari.

Nilitoka pale na kopo tupu. Njia nzima ya kurudi Katindiuka nilikuwa napiga hesabu moja tu: nimwite mjomba wako aliyeko Mang'ula, apande gari, avae koti, aje siku moja asimame mbele ya ile meza. Nilimkuta Bibi Felista kwenye ngazi ya mlango wake, anachagua mchele.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mbona unatembea kama mtu aliyeibiwa?"

Nikamweleza. Hakuacha kuchagua mchele. Nilipofika kwenye habari ya mjomba wako, akanyanyua macho.

"Huyo kaka yako analala kwako?"

"Hapana."

"Mvua ikinyesha inamlowesha yeye?"

"Hapana, Bibi. Lakini wanataka mwanaume."

"Deo alisimama pale siku moja tu, umeona alichokuachia. Sasa unataka kumleta wa pili?"

Nikakaza kanga, wewe bado mgongoni.

"Shule mama yako alikupeleka ya nini? Ya kumwandikia barua yule wa treni?"

Nusura nicheke. Akaniambia nikulaze pale kwake, ninawe uso, niende kata nikaandike malalamiko. Hakunipa pole hata moja. Ukali wake ndio ulionishika mkono siku ile, kwa sababu ni yeye peke yake aliyezungumza na mimi kama mtu mwenye nyumba.

Ofisi ya kata nilikuta karani. Akaniuliza kama nina mtu wa kuniandikia. Nikamwambia nimemaliza kidato cha nne, aniazime kalamu. Niliandika nimesimama, kwenye kaunta, watu wanapita nyuma yangu. Mtendaji aliisoma yote, akagonga muhuri, akaniambia ataita pande zote mbili. Nakala ninayo. Wakati nakuandikia haya turubai bado liko juu, na wewe umejifunza kusogea mwenyewe likianza kudondosha.

Sasa nikuambie ninachotaka ukishike. Mimi sijazeeka, sina mvi za kukushauri, lakini haya nimeyalipia. Ukiwa na kitu chako, usiazime mtu aje kuwa mwenye kitu hicho, hata kwa siku moja, hata kama ni ndugu anayekupenda. Atakwenda zake, na maamuzi yake yatabaki juu ya kichwa chako. Fundi akija kwako, kaa naye. Mpunga usubiri. Panda ngazi kabla hajafunika bati, angalia miti, shika mikanda kwa mkono wako, na usione haya kuuliza mara mbili. Maagizo yako yaandike, wayasaini, na uwaambie nani anaruhusiwa kuyabadilisha: hakuna. Na kuhusu uvumilivu tunaofundishwa sisi wasichana, kuvumilia ni kwa ajili ya mtoto anayelia na mpunga ambao haujakomaa. Mtu anayekucheka usimvumilie. Nilipoteza miezi kwa upole wangu, na mvua haikunisubiri.

Sikudanganyi kwamba ni rahisi. Kuwa peke yako kuna baridi yake, na kuna siku utatamani mtu yeyote tu akae upande wa pili wa meza. Tamani, si dhambi. Lakini ufunguo ubaki kwako.

Mungu akukuze. Akupe usingizi mzito wakati wa mvua, akupe mdomo usioogopa meza za watu, na kila uendako uitwe kwa jina lako mwenyewe. Na hii ndiyo barua niliyoipeleka, neno kwa neno, uisome siku utakayoweza kusoma.

Kwa Mtendaji wa Kata,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KAMPUNI ILIYOEZEKA NYUMBA YANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Katindiuka, na ni mmiliki wa nyumba niliyoachiwa na marehemu mama yangu, jambo ambalo mwenyekiti wa mtaa analifahamu.

Niliipa kampuni hiyo kazi ya kutoa paa la nyasi na kuweka paa la bati. Tulikubaliana na fundi wao mkuu kwamba upenu ukatwe, miti yote ya zamani itolewe, na kenchi zifungwe ukutani kwa mikanda ya chuma. Nikiwa shambani kuvuna, kampuni ilibadilisha kazi hiyo kwa maneno ya mtu aliyekuwa anapita njiani, ambaye si mmiliki na hakunipigia simu. Kampuni pia haikunipigia, ingawa namba yangu wanayo.

Upepo wa mvua za kwanza umeezua upande wote wa nyuma. Nimepanda ukutani mwenyewe nikaangalia. Mkanda wa chuma hakuna hata mmoja. Miti ya zamani imo, na imeoza. Misumari iliyotoka ninayo, ingawa mingine niliiacha ofisini kwao.

Nimekwenda kwa kampuni mara nyingi. Nimeambiwa nilete mwanaume. Sina mwanaume wa kuleta, na mkataba wa kazi hii haukuwa na mwanaume.

Naomba ofisi yako iiite kampuni, na iitake iondoe mabaki yote ya upande wa nyuma na kuweka paa upya kama tulivyokubaliana, kwa gharama yake, kabla ya masika. Nina mtoto mdogo na tunalala chini ya turubai.

Kazi hiyo isianze mpaka niwe nimesimama pale. Nitakuwepo kila siku, tangu asubuhi, kwa sababu hakuna mwingine anayeishi kwenye nyumba hiyo isipokuwa mimi na mwanangu.