Kuku wa Kuondoa Aibu

Kwa miaka tisa niliishi na mume wa binti yangu katika vyumba viwili vya ghorofa ya sita, hapa Berea, Johannesburg, bila kumtazama usoni. Hatukuwa na ugomvi. Nilimheshimu sana, ndiyo maana nilimkimbia. Kwetu, katika vijiji vya milimani magharibi ya Ziwa Tanganyika, mama mkwe na mkwe wake huoneana aibu: hawatazamani, hawali pamoja, na chakula hakitoki mkononi mwa mmoja kwenda mkononi mwa mwingine. Kule ni rahisi. Ukimwona mkwe anakuja, unaingia kwenye mihogo. Berea hakuna mihogo.

Basi tukabuni njia. Yeye akitaka kutoka chumbani alianza ubeti wa kwanza wa tenzi, kwa sauti, nami nikajifunika kitenge na kugeukia dirisha. Mimi nikienda bafuni niliimba alto. Siku za baridi, ambapo safari za bafuni huongezeka, nyumba yetu ilikuwa kwaya kamili. Jirani yetu, mama wa Kizulu, alimwambia binti yangu kwamba hajawahi kuona familia inayomcha Mungu kiasi hicho, hata chooni wanakwenda kwa sifa. Binti yangu hakumsahihisha.

Kanisa letu hukutana Troyeville, katika ukumbi ulio juu ya gereji. Mwaka jana mzee aliyekuwa akigawa mkate wa Meza ya Bwana alihamia Midrand kwa kazi ya ulinzi, na mkwe wangu akachaguliwa mahali pake. Nilipiga vigelegele. Vilikatika nilipokumbuka kwamba mkate ule humegwa na mgawaji na kuwekwa kiganjani mwa kila mmoja.

Jumapili ya Meza nilibaki kwenye kiti. Mwezi uliofuata pia. Tangu nibatizwe mtoni nikiwa msichana sikuwahi kuikosa Meza, hata wakati wa vita, tulipomega muhogo wa kuchemsha badala ya mkate. Sasa watu wakaanza kunitazama kwa ule upole anaotazamwa nao mwenye dhambi ya siri. Wengine walidai namdharau mkwe kwa kuwa ni fundi cherehani tu. Hilo liliniuma, kwa sababu na yeye alilisikia.

Mchungaji wetu, Mrundi kijana mwenye adabu, alikuja kunitembelea. Akanikumbusha habari za yule mtume mvuvi, ambaye mama mkwe wake aliugua homa, akapona, akainuka kuwahudumia. Nilikuwa nimeifundisha habari hiyo shule ya Jumapili kabla yeye hajazaliwa.

"Aliyemshika mkono akamwinua ni Bwana, mwanangu," nikamwambia. "Mkwe wake alikaa kando, kama mtu aliyelelewa vizuri."

Alicheka hadi chai ikamwagika. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: je, aibu hiyo haina mwisho? Nikamweleza kwamba inao. Mkwe huleta kuku jike wa kienyeji, aliye hai. Mama mkwe humpokea, na wote wawili wakiwa wamemshika, mkwe huomba aibu iishe, mbele ya shahidi asiye wa ukoo. Sisi vita vilituondoa kabla ya kuku.

"Mama," akasema, "Johannesburg nzima hii imekosa kuku?"

Wapo, lakini ni wale weupe wa vizimba, ambao hata kusimama kwao ni kazi. Mkwe wangu hakutaka kunipa kuku aliyechoka. Alizunguka Jumamosi mbili, akampata mmoja mwembamba wa madoadoa, mwenye macho ya hakimu. Nilisikia ubeti wa kwanza ukitoka kwenye lifti, na kuku akiudakia. Nikasimama mlangoni, kitenge usoni, mikono mbele. Mkwe alikuwa akitazama sakafu, nami nimejifunika, kwa hiyo kuku alikabidhiwa kwa hewa.

Akakimbia koridoni. Magoti yangu, ambayo hulalamika hata kwenye maombi, yaliondoka bila kuniuliza. Nilivua kitenge na kukitandaza mbele yangu kama wavu. Mkwe akazungukia upande wa ngazi. Jirani akafungua mlango, akasema "eish" na kuziba njia kwa ufagio. Tukamrukia kuku pamoja. Nilipoinua kichwa, uso wa mkwe wangu ulikuwa shibiri moja kutoka kwangu. Ana mwanya. Ndevu zimeanza mvi. Miaka tisa, na binti yangu hakuwahi kunidokeza kwamba ana mwanya mzuri vile.

"Mama, aibu iishe," akasema huku akihema.

"Iishe, mwanangu."

Tukacheka, kuku katikati yetu, na jirani, shahidi asiye wa ukoo, akacheka nasi bila kujua anashuhudia nini.

Jumapili ya Meza nilikuwa wa kwanza kusimama. Mkwe wangu alinitazama usoni, akamega mkate. Lakini aibu iliisha, heshima haikuisha, na kwetu mkwe hampi mama mkwe kitu kidogo. Wenzangu walipata kipande cha ukubwa wa ukucha. Mimi aliniwekea kiganjani kipande kama andazi. Nikasema amina, nikatafuna kwa shukrani, na bado nilikuwa natafuna walipoimba wimbo wa mwisho bila alto yangu.