Ruta Chini ya Meza ya Mninga

Niliporudi Newala na diploma ya ufundi, wa kwanza kuipata katika ukoo wetu, sikuweza kutulia. Tangu asubuhi nilikuwa nikizunguka banda la useremala la mjomba, nikipima kwa macho mahali mashine zangu zitakapokaa. Mjomba alikuwa amechoka, naye alitaka mtu wa kumwachia banda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Bwana Diploma. Ijumaa watu wakitoka msikitini, chonga ubao mmoja mbele yao kwa hiyo mashine unayoisifu. Ukiweza, banda lako. Ukishindwa, namwachia mdogo wako."

Kesho yake nikapanda lori hadi Masasi. Dukani palikuwa na ruta mbili, mashine za umeme zinazozungusha kisu kidogo na kuchimba mifereji kwenye mbao. Nilichukua ile kubwa, maana mninga wetu si mbao ya kuchezea. Muuzaji, Mhindi, alibaki ananitazama nilivyomhoji kuhusu kasi ya kisu. Nadhani hakuwahi kuulizwa hivyo na mtu mweusi.

Meza niliitengeneza mwenyewe. Kwetu meza nyembamba ni aibu. Mgeni huigonga kwanza ndipo aisifu. Nikatumia mninga wenye unene wa vidole vinne, nikatoboa tundu katikati, nikaifunga ruta chini yake, imepinduliwa, ili kisu kitokeze juu.

Alhamisi nikawasha jenereta niliyokuja nayo. Ruta ikanguruma, lakini juu ya meza hapakuonekana kitu. Kisu kilikuwa kimezama ndani ya ule unene.

Mjomba akachungulia tunduni. "Mpwa wangu, mashine yako inaona haya?"

Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Mbao nyingine kavu sikuwa nayo. Niliporudi mara ya tatu, mjomba alikuwa amefungua ruta na kuipindua meza. Akatemea mate jiwe la kunolea, kwa kuwa maji yaliyopandishwa kutoka bondeni yalikuwa ya kunywa tu, akainoa tezo yake. Kisha akaanza kuchimba upande wa chini wa meza kama anavyochimba ndani ya kinyago cha kuvaa usoni, akigonga kwa kifundo cha kidole kusikiliza unene uliobaki.

"Mjomba, utatoboa!"

"Nyamaza, unanizibia masikio."

Alipoacha, palibaki unene wa kidole kimoja, sawasawa pande zote. Nilipima kwa rula yangu mara mbili, nikitafuta kosa, nikalikosa. Nikaiingiza ruta katika lile shimo, nikakaza skrubu. Kisu kikachomoza.

Ijumaa nilisukuma ubao mbele ya watu waliojaa mlangoni, na mfereji ukatoka umenyooka kabisa. Wilaya nzima hapakuwa na fundi mwingine wa kufanya vile. Wazee wakapitisha vidole ndani yake, wakatikisa vichwa kwa kustaajabu.

Mjomba akanipa ufunguo wa banda. "Lako. Ila ukinunua mashine nyingine, niite kabla hujatengeneza meza."

Nilinunua nyingine tatu. Mara zote nilimwita.