Bibi Aliyekuja Kuomba Glavu

Mimi ni muuguzi, si daktari. Nalisema mapema kwa sababu hata kazini nalisema kila asubuhi. Kituo chetu kiko Rwanda, sekta ya Rubavu, kando ya njia ya kwenda mpakani: vyumba viwili, baraza, na benchi refu la akina mama. Daktari yuko hospitali, mjini. Mama mgeni akiingia na mtoto mgongoni huuliza, "Docteur iko wapi?" Namjibu kwamba leo itabidi anivumilie mimi. Wenyeji hawaulizi tena. Wananiita munganga, jina wanalompa yeyote aliyevaa koti jeupe, wanafungua kitenge na kunikabidhi mtoto.

Nilikulia Tanzania, kwa hiyo Kiswahili changu wanakicheka. Wanasema naongea kama redio. Mimi nawajibu kwamba redio angalau watu huisikiliza.

Nachoma chanjo, natibu kikohozi, malaria, kuhara na minyoo, na linalonizidi nalipeleka hospitali. Ila watoto wengi hawaletwi na mama zao. Mama zao wanavuka kwenda Goma, upande wa Kongo, alfajiri na nyanya, vitunguu na sambaza, vile visamaki vya ziwani, wanarudi jioni. Wanaoleta watoto ni bibi zao. Mgonjwa wangu anakuwa mtoto, lakini wa kushawishiwa ni bibi, na bibi wa huku hashawishiki kwa maneno ya chuoni. Nimeshagombana na wengi. Ulimi wangu hauna breki, na wao wanalijua hilo.

Msimu wa mvua uliopita alikuja mmoja ambaye hakutaka dawa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyewahi kuuza samaki ufukweni mpaka magoti yakamkatalia. Mgongoni alikuwa na mjukuu wake, mtoto wa miezi minane hivi, anakohoa. Akapita benchi zima bila kusubiri zamu.

"Munganga, nipatie gants. Mbili tu, ya mukono ya kuume na ya kushoto."

Alikuwa anaomba glavu. Nikamuuliza za nini.

"Mutoto iko anakohoa tangu juzi. Ni kirimi. Mukataji anatoka Kanama, leo atakuwa pale kwa jirani. Wembe mupya nimeshanunua." Akautoa kwenye fundo la kitenge, bado uko ndani ya karatasi yake. "We ndio ulitufundisha, siku ya chanjo. Wembe moja, mutu moja, na mukono isiguse damu. Donc nimekuja."

Kirimi ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Wapo wengi huku, pande zote mbili za mpaka, wanaoamini kwamba kinarefuka na kumkohoza mtoto, na kwamba hatapona mpaka kikatwe. Kinakatwa na mtu asiye na koti wala cheti, mtoto akiwa amebanwa kichwa kati ya magoti.

Damu ilinipanda. Siku ile ya chanjo nilikuwa nimesimama kwenye baraza hilohilo, nikahubiri kuhusu nyembe na damu mpaka sauti ikanikauka. Kumbe somo lilieleweka barabara, na sasa lilikuwa limerudi kuniomba vifaa.

"Bibi," nikasema, "unataka kumchinja mjukuu wako kwa glavu zangu?"

Benchi zima likageuka kututazama. Yeye hakupandisha sauti. Alimkaza mtoto mgongoni, akafunga tena fundo la wembe.

"Bon. Atakata bila gants."

Akaanza kutoka. Pale ndipo nilipoona nilivyobanwa. Nikimnyima glavu, mtoto atakatwa kwa mikono mitupu. Nikimpa, atakatwa kwa mikono safi, na mimi nitakuwa nimeshiriki. Nilimfuata nikamkuta getini.

"Glavu nitakupa. Niruhusu kwanza nimtazame mtoto."

"Utanipa kweli?"

"Nitakupa."

Tukarudi chumbani, mlango nikauacha wazi, nikamlaza mtoto mezani, nikamvua fulana na kuhesabu pumzi zake kwa saa ya mkononi. Alikuwa na homa na alihema mbiombio, lakini mbavu zilikuwa hazijaanza kubonyea ndani. Nilishukuru Mungu, maana zingebonyea ningelazimika kumpeleka hospitali, na bibi angesema mkataji anamsubiri. Yalikuwa mapafu, yaani nimonia, tena ndiyo kwanza imeanza, ya kutibika palepale kituoni. Nikamwambia hivyo.

"Kirimi ndio inaleta hiyo," akasema.

Nikawasha tochi, nikamfungua mtoto kinywa, nikamwita bibi aangalie mwenyewe. Mimi niliona kimeo cha kawaida kabisa. Yeye aliona kirefu. Nikaona isiwe taabu, nikapanua kinywa changu nikajimulika, alinganishe.

Akachungulia kwa makini. "Na we, kirimi yako ni murefu. Ndio maana unaongea sana."

Akina mama waliangua kicheko, na mimi nikacheka nao, ningefanyaje? Angalau alikuwa ameketi. Nikamuuliza kama chake kilikatwa. Akasema kilikatwa akiwa mdogo, na watoto wake wote aliwapeleka wakakatwa.

"Na wote wako wazima?"

Alimchukua mtoto mezani akampakata.

"Mumoja hapana," akasema. "Ule wa kwanza. Alikohoa, tukangoja mukataji. Mvua ilikuwa mingi, barabara imekatika, hakuja haraka. Kufika, akamukata, na kesho yake mutoto akakufa. Walisema tumechelewa. Huyu sitamuchelewesha."

Nilikuwa na jibu, tena nililofundishwa: kwamba huenda mtoto yule alikufa kwa mapafu, na kisu kilimwongezea jeraha tu. Nililimeza, nikageukia kabati la dawa. Nilimwonea huruma kiasi kwamba nilishindwa kumtazama usoni.

"Kuwahi kwenyewe ndiko huku," nikamwambia. "Dawa yake ni sasa hivi."

Niliyeyusha kidonge kwenye kijiko, nikampa kijiko amnyweshe mwenyewe. Nikampa vilivyobaki na kumweleza: asubuhi na jioni, na kidonge kisirukwe. Mbavu zikianza kubonyea au mtoto akikataa kunyonya, aende hospitali asimsubiri mtu yeyote. La sivyo, arudi keshokutwa. Aliyarudia yote bila kukosea.

"Na gants?"

Ahadi ni deni. Nikampa. Akazitia kwenye fundo pamoja na wembe, akaondoka kuelekea kwa jirani.

Benchi lilikuwa limejaa, nisingeweza kumfuata. Nilipopata upenyo nikampigia simu mama wa mtoto, namba ilikuwa kwenye kadi ya chanjo. Akapokea katikati ya makelele ya soko la Goma. "Mama mukwe ndio anaamua, munganga," akasema. "Mi niko huku, nitafanya nini?" Sikumlaumu. Siku ile sikuonja hata chai, na kila mtoto aliyelia nje nilitega sikio. Ya pili yake vilevile.

Keshokutwa alikuja, na safari hii alikaa kwenye zamu. Sikumsalimia hata. Nilimnyakua mtoto, nikamulika kooni, na kimeo kilikuwa pale pale, kizima. Alihema taratibu, mwili umepoa. Nilicheka kwa furaha mpaka mtoto akashtuka akaanza kulia.

"Mukataji nilimuambia apite kesho," bibi akasema. "Halafu ile kesho, homa ikashuka. Nikamuambia aende kwake."

Nikamwambia amalizie vidonge vyote vilivyobaki hata kama mtoto anaonekana mzima. Akaitikia. Lakini hakuinuka.

"Hii dawa," akasema, "wakati wa ule wangu wa kwanza ilikuwa iko?"

Ningeweza kusema hapana, na hakuna ambaye angenibisha. Lakini mwanamke huyu alikuwa amemrudisha mkataji mlangoni kwa sababu aliamini maneno yangu, na sikuweza kumpa uongo baada ya hapo.

"Ilikuwepo, bibi. Kituo hiki ndicho ambacho hakikuwepo. Ilikuwa hospitali tu."

"Angekunywa ngapi?"

"Kama yalikuwa mapafu, kama huyu. Asubuhi na jioni."

"Na ingine?"

"Hakuna ingine."

Alimtazama mjukuu, akamfunga mgongoni polepole, akatoka. Nilidhani anakwenda nyumbani. Nilipofungua mlango kumwita anayefuata, nilimkuta ameketi tena kwenye benchi, katikati ya wale ambao zamu yao ilikuwa bado, kama anayemshikia zamu yule wake wa kwanza, na hakuna mama aliyemwambia asogee.