Mpaka Rangi Asiye na Haraka

Mpaka rangi huyu hakubali jambo likiwa bichi. Kazini hupaka kwanza kiraka nyuma ya mlango, akakaa akikitazama hadi kikauke, maana rangi mbichi, anasema, ni mwongo. Nyumbani ni yuleyule. Mkewe, ambaye mdomo wake hutangulia miguu, akimuuliza kama chumvi imekolea, yeye atatafuna, atameza, atatazama dari. Hata akiomba dua anakwenda polepole, kama anayempa Mungu nafasi ya kufikiri. Miaka yote hii mkewe bado anamchungulia kama mgeni.

Binti yao alipomleta mchumba, mama alishakubali kabla kijana hajavua viatu. Baba alikuwa anapaka ukuta wa sebule.

“Baba, unasemaje?” Binti aliuliza, maana bila neno la baba yake hakuna ndoa.

“Tusubiri.”

“Wewe baba, huyu ni mtu, si ukuta!” mkewe akafoka.

Kijana akarudi nyuma kwa woga, akaegemea rangi mbichi kwa shati lake jeupe. Hakujitetea. Aliokota brashi ya baba, ile ambayo hata mke haruhusiwi kuigusa, akaanza kuziba alama ya bega lake ukutani, akaacha michirizi mitupu. Mama akamkodolea macho mumewe.

“Usikandamize, mwanangu,” mpaka rangi akasema, akamsogezea kopo.

Michirizi ile ipo hadi leo. Yeye anayerudia kuta za watu mpaka wenyewe wachoke, hiyo hajaigusa.