Mkebe Usio na R

Dada yangu mkubwa husaga njugu mjini Homa Bay, katika chumba kilichokuwa zamani ghala la dagaa wa omena, na siagi inayotoka humo huitwa Adier. Neno ni la Kijaluo, na maana yake ni kweli. Hakulichagua yeye. Alipoanza, kabla hajawa na mikebe wala stika, aliuza kwa upawa kutoka kwenye sufuria, na kila mnunuzi alimwuliza swali ambalo huulizwa kila mwuza siagi ya njugu pande zetu: hukuchanganya na unga wa mahindi? Naye alijibu kwa neno hilo moja, basi. Wanawake wa sokoni wakaanza kumtaja kwa jibu lake. Aliyetaka siagi isiyo na unga alielekezwa kwa mama wa adier.

Jina ambalo mtu amepewa na wateja wake ni mali ya namna ya pekee. Hakuliomba wala hakulirithi, na hana pa kulifungia. Nimesoma vitabu vingi juu ya heshima na sifa njema, na sikumbuki kimoja kilichoeleza ni jinsi gani mwanamke aliyesimama nyuma ya sufuria atalizuia neno lake mwenyewe lisitoke mlangoni na kwenda kumfanyia kazi mtu mwingine.

Biashara ilipokua, alihitaji stika. Akamwendea mchapishaji mmoja hapa Migori ninakoishi, mtu mwenye mashine nzuri na maneno mazuri kuliko mashine. Stika zilipotoka zilikuwa za manjano, zenye jina kwa herufi nene, na juu kidogo ya herufi ya mwisho palikuwa na R ndogo ndani ya duara. Dada hakuwa ameiagiza. Mchapishaji alimweleza kwamba huwawekea hivyo wateja wake wote, kwa kuwa bidhaa isiyo na R huonekana ya kijijini, na supamaketi haiipokei.

Mimi niliiona mara ya kwanza nilipomtembelea, mikebe ikiwa tayari imepangwa kwenye rafu. Nilimwambia kwamba alama ile si pambo, kwamba inatangaza kuwa jina limesajiliwa na serikali, na kwamba yeye hakuwa amesajili kitu. Alicheka. Ananiita japuonj, yaani mwalimu, na kwa kinywa chake neno hilo si sifa kila wakati.

"Japuonj, kwako wewe hata nukta ina dhambi."

Stika zilikuwa zimekwisha kuchapwa kwa marobota. Zikaendelea kubandikwa. Wateja nao, ambao hawakuwa na muda wa kuuliza, wakaipa R tafsiri zao. Wengi walisema ni Rongo, zinakotoka njugu nzuri. Mama mmoja wa kanisa letu la Sabato alishikilia kwamba ni Rasmi, na huyo ndiye aliyeukaribia ukweli kuliko wote, ingawa hakujua. Walikubaliana katika jambo moja tu: siagi ya kweli ni ile yenye R. Mama akimtuma mtoto dukani alimwambia aitazame kwanza R, ndipo atoe pesa. Hivyo alama iliyosema uongo ikawa ndiyo kipimo cha Kweli, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa mimi, na ajabu yangu haikumsaidia mtu.

Kisha siku moja dada akapigiwa simu na mteja wa Isebania, aliyelalamika kwamba siagi siku hizi inashika mdomoni kama uji. Tulikwenda pamoja. Katika duka la jumla karibu na mpaka wa Tanzania, miongoni mwa mikebe yake, tuliikuta mingine: kifuniko kile kile, manjano ile ile, jina lile lile, na R ndani ya duara, imewekwa pale pale juu ya herufi ya mwisho. Aliyeiga aliiba mpaka uongo wetu. Dada alifungua mkebe mmoja, akachovya kidole, akakilamba, akakipangusa kwenye leso. Nusu yake ilikuwa unga.

Mwenye duka, mama wa Kikuria mwenye sauti ya chini na macho yasiyopotea, alitusikiliza huku akiendelea kufunga mzigo wa mtu.

"Hii si yangu," dada alimwambia.

"Imeandikwa jina lako."

"Jina ni langu. Siagi si yangu."

"Sasa mama, mimi niuze jina ama niuze siagi?" Alikata kamba kwa meno. "Huyo mwingine ananiletea kwa pikipiki kutoka ng'ambo, na ana R kama wewe. Niletee karatasi inayosema R yake ni ya uongo na yako ni ya kweli. Nitaitoa leo leo."

Sikuwahi kusikia hoja ya sheria iliyopangwa vizuri kuliko ile, na haikutuacha na mahali pa kusimama. Dada alifunga mkebe aliouonja, akaulipia, akautia mfukoni. Njia nzima ya kurudi hakunitazama.

Wakili tuliyemwona mjini Migori alikuwa mwanamke mchanga, mpole, mwenye uchovu wa mtu anayerudia somo moja kila juma. Alituambia kwamba hakuna aliyesajili jina hilo, si sisi wala mwizi, na hiyo ilikuwa heri. Alitueleza tofauti ya alama mbili ambazo watu huzibandika kama maua. TM mtu yeyote anaweza kuiweka kando ya jina analodai kuwa ni lake. Haihitaji ruhusa, na peke yake haina nguvu kubwa. R ni ya aliyekwisha kupewa cheti, na kuiweka bila cheti ni kosa mbele ya sheria ya Kenya. Tukimshtaki mwigaji leo, alisema, wakili wake atakachokiinua kwanza mahakamani ni mkebe wetu. Kwa hiyo tuombe usajili, tuondoe R, tuweke TM, tungoje.

Nilitoka pale nikiwa na furaha ambayo sasa naiona ilikuwa nyepesi. Nilidhani jambo gumu lilikuwa ni kujua lililo sawa.

Dada alichapa stika mpya kwa mchapishaji mwingine. Kila kitu kilikuwa vile vile, isipokuwa R iliondoka na herufi mbili ndogo zikakaa mahali pake. Akapeleka shehena ya kwanza Isebania mwenyewe, ili amweleze mwenye duka. Mwenye duka aliuzungusha mkebe mkononi, akaurudisha kwenye katoni.

"TM ni Tanzania, mama. Watu wa hapa wanaijua. Hii wataniambia imevuka usiku."

Dada alimweleza maana yake. Mwenye duka alisema anamwamini yeye, lakini hawezi kumsimamisha mlangoni awaeleze wateja mmoja mmoja. Na ndivyo ilivyokuwa kila mahali. Watu walikuwa wamefundishwa kutazama R, na wanafunzi wale walikuwa hodari. Walichukua mkebe wa dada, wakatafuta kwa kidole, wasiione, wakaurudisha, wakachukua ule wenye unga. Mjini Homa Bay kwenyewe, ambako wengine walimjua kwa sura, supamaketi moja ilimrudishia katoni ikimwambia kwa adabu kwamba wateja wanalalamikia bidhaa ya kuiga.

Nimeishi miaka ya kutosha kujua kwamba wema haulipwi papo hapo, na nimewahubiria wengine hivyo katika Sabato nyingi. Lakini ni jambo jingine kuketi mezani na mtu anayeulipia. Dada alikuja kwangu Suna, hapa Migori, Jumapili moja mchana. Alikuwa ameacha kukaanga njugu kila siku. Mmoja wa wanawake waliomsaidia alikuwa ameambiwa apumzike kwanza nyumbani, na sote tulijua neno hilo lina maana gani. Mchapishaji wa kwanza alikuwa amemtafuta. Alisema atairudisha R bila malipo. Kwani nani huja kukagua?

"Nipe sababu moja ya kutoirudisha," dada aliniambia. "Lakini usinipe ya kitabuni."

Nilimpa niliyokuwa nayo. Nilimwambia kwamba maombi ya usajili yako njiani, kwamba wakili alituonya, kwamba mtu hawezi kudai haki kwa mkono ulioshika kitu kisicho haki. Nilisema vizuri. Ninapozeeka ninaona kuwa kusema vizuri ni kipawa kidogo sana, kinachofanana na kukunja nguo vizuri katika nyumba inayovuja.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unanena sawa, japuonj. Ila rafu si yako."

Dada aliondoa ganda la njugu lililokuwa limenasa kwenye mkono wa sweta yake. Kisha akanisimulia juu ya mzee mmoja mwanamke, aliyekuwa akinunua kwake tangu siku za sufuria, anayekuja na bakuli lake hata sasa na kukataa mkebe. Huyo alikuwa ameona stika mpya akauliza R ilienda wapi. Dada akamwambia ameiondoa kwa sababu haikuwa yake.

"Akaniuliza, kumbe wakati wote ule ulikuwa unatudanganya? Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza iwapo mvua itanyesha." Dada alilitazama lile ganda kiganjani mwake. "Nilimwambia ndiyo. Sasa nikiirudisha kesho, huyo nitamwambia nini?"

Hiyo ndiyo sababu aliyokuja nayo kutoka Homa Bay. Hakuwa amekuja kuichukua kwangu. Alikuwa amekuja kuona kama kuna mtu atakayemwondolea, na nadhani, kama ningekuwa mtu laini zaidi, ningemwondolea.

Miezi iliyofuata sitaieleza kwa urefu. Ilikuwa ya kungoja, na kungoja hakuna hadithi. Tangazo la jina likatolewa, ili mwenye pingamizi aseme, hakuna aliyesema. Dada aliuza kwa upawa tena, kwa shule mbili zilizojali siagi kuliko stika, na mikebe michache ikaendelea kukaa madukani ikipigwa na vumbi. Alikonda. Nilimpelekea njugu nilizolima nyuma ya nyumba, nazo hazikuwa nzuri, naye alizisaga hivyo hivyo.

Cheti kilipofika alinipigia simu akanisomea mwanzo mpaka mwisho, hata mahali palipoandikwa anwani. Wakili akamwandikia mwigaji, naye mwenye duka wa Isebania, nimtendee haki, alitimiza ahadi: aliitoa ile mingine siku aliyopata nakala ya karatasi. Lakini cheti cha Kenya hakivuki geti la mpakani. Ng'ambo ya barabara, Sirare ya Tanzania, ile ya unga ingali inauzwa chini ya jina lile lile, na wakili anasema huko tutaanza upya, kwa sheria za huko, tukiwa na nguvu. Hatujawa nazo.

Dada alichapa stika za tatu. Zilikuwa sawasawa na zile za kwanza kabisa. Uweke moja kando ya nyingine, hakuna jicho litakalotenganisha ile iliyosema uongo na hii inayosema kweli. Wino ni ule ule. Nilizilinganisha kwa muda mrefu nikitafuta tofauti, kama mtu anayedai deni.

Siku ya kwanza ya kuziuza nilikuwa Homa Bay, nimesimama naye nyuma ya meza sokoni. Mama mmoja mwenye kikapu alichukua mkebe, akaugeuza, akapitisha kidole gumba juu ya jina mpaka akaipata R. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Afadhali mmetubu," alimwambia dada. "Mwaka huu wote mlikuwa mnatuletea ya kuiga."

Nilikuwa nimeandaa maelezo. Nilikuwa nayo kwa mpangilio, tangu mwanzo, na yalikuwa mafupi na ya haki, na nikafungua kinywa. Dada aliushika mkono wangu chini ya meza, akaubana.

"Mwache aende na mkebe wake," aliniambia kwa sauti ya chini. Kisha akamwuliza yule mama kama anataka na mfuko.