Tone Lililoelea

Walisema sitaweza. Mtoto wa mchimbaji aliyetoka Kasai, walisema pale kwetu Dilala, ataishia shimoni kama baba yake. Nikaenda Lubumbashi, nikafua nguo za watu, nikasoma, nikarudi na diploma ya maabara. Nikapanga moja ya nyumba za zamani za kampuni ya madini, yenye bomba uani. Jirani yangu, mzee mstaafu, Mlunda mwenyeji wa pale, aliiona diploma ukutani akacheka.

"Mwana, iyo karatasi utafungia mikate."

Tangu siku hiyo sikumwamini. Alipomletea mke wangu mjamzito mihogo, nilimkataza asiile.

Mke wangu alijifungua mtoto mzima, lakini damu haikukatika. Hospitalini kila mtu anajua desturi: mfuko wa damu ukitoka kwenye friji, ndugu waingize mwingine. Wenyeji huita shangazi na binamu, ua ukajaa. Ndugu zetu sisi, isipokuwa mdogo wangu, walibaki Kasai. Nilitoa mfuko wangu, haukutosha. Nikawaita vijana wa chama chetu cha Wakasai, karibu wote wachimbaji, mdogo wangu akiwa mbele yao.

Mpima damu aliwachoma vidole, akawakataa mmoja baada ya mwingine.

"Huyu hapana. Huyu pia hapana. Bote munatokea Kasai?"

Swali hilo nililijua. Nimelisikia kwenye milango ya kazi tangu utotoni.

"Tata, unakataa damu ao unakataa bantu?"

"Pima weye mwenyewe, docta," alijibu, na neno docta alilivuta kwa makusudi.

Nilipima. Kipimo chenyewe ni rahisi: unadondosha tone la damu kwenye maji ya buluu yaliyotengenezwa kwa shaba. Damu yenye nguvu huzama, damu hafifu huelea. Maji yake sikuyaamini, nikamwambia afungue chupa mpya. Tone la mdogo wangu lilielea. Nikachoma kidole changu, tone langu likazama moja kwa moja. Tumetoka tumbo moja mimi na yeye. Kama ni ukabila, maji yale yangetutenganishaje?

Nikamtazama mdogo wangu vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Kambini kwao wachimbaji wanakunywa maji ya mto, chini ya mahali madini yanapooshwa. Wanakula bukari, ugali mtupu, mara moja kwa siku, wanalala bila chandarua, na homa wanaitibu kwa vidonge vya sokoni kwa sababu hawana kadi ya hospitali ya kampuni. Kadi inatoka na kazi, na kazi inaanza na lile swali la mpima damu. Sijaacha kumshuku. Ila siku hiyo hakudanganya.

Nyuma ya pazia mke wangu alikuwa ameacha kunijibu. Hapo ndipo mzee jirani alipoingia na wanawe wawili, mikono ya mashati imeshakunjwa.

"Unataka nini, tata?" nilimwuliza.

"Nataka bibi yako arudie ku nyumba. Weye unapika, moshi yote inakuya kwangu."

Matone yao yalizama yote matatu. Watu wa nyumba yenye bomba na pensheni ya kampuni, yangeeleaje? Friji ikafunguliwa. Jioni mke wangu aliomba uji.

Mimi sikai na deni la mtu, na mifuko mitatu ni deni. Anayetoa damu pale hupewa kadi. Siku jamaa wake akihitaji, kadi hiyo hutosha. Nilimhamishia mdogo wangu nyumbani kwangu, akapewa chandarua, dawa ya minyoo, maharagwe na mboga za lengalenga, na maji ya bombani. Aligomba kwamba namlisha kama bata wa sikukuu. Damu yangu iliporudi nilitoa mfuko, kadi nikampa mwana mkubwa wa mzee. Baada ya miezi nikatoa tena, ya mwana mdogo. Iliyobaki ilikuwa ya mzee mwenyewe.

Hiyo aliitoa mdogo wangu. Nilisimama karibu na chupa nione kwa macho yangu. Mpima damu yule yule alidondosha tone, likazama.

"Huyu anatokea wapi?" nilimwuliza.

"Dilala," alisema, bila kunitazama.

Mzee aliipokea kadi mlangoni kwake, akaigeuza pande zote kama noti ya bandia.

"Sasa hauna deni. Utanisalimia bado?"

Nikamwambia kesho asubuhi atajua.