Mbwa Aliyedhaniwa Kiziwi

Nilipoanza kazi katika nyumba ile ya Al Thumama, nilikubaliana na madamu jambo moja: sitagusa mbwa. Nitafua, nitapiga deki, nitapika, lakini ulimi wa mbwa ukinigusa nitalazimika kuosha mara saba, moja kwa udongo, na udongo wa Doha ni vumbi jeupe lisiloshika kitu. Alicheka kidogo, akasema mbwa ni wake na uchafu wao ni wake.

Alikuwa mwalimu, mjane, Mzungu asiyependa kuhudumiwa sana. Uani kwake kulikuwa na mbwa waliookotwa kwenye maegesho, kando ya barabara kuu, nje ya maghala. Aliwatibu, akawapiga picha, na picha zikaenda nchi za baridi, kwa watu waliotaka kuokoa mbwa. Mtu alichagua uso kwenye simu yake, akiwa amekaa huko kwake, na baada ya majuma kadhaa uso ule ulipakiwa kwenye ndege. Nilipoosha vyombo niliziona ndege zikipanda juu ya ukuta, nikajiuliza ipi imebeba mbwa tuliyemlisha jana.

Huyu ninayemsimulia alitoka kwenye eneo la ujenzi upande wa Al Wakrah. Alikuwa na rangi ya mchanga, na ncha ya sikio moja ilikuwa imekatika. Hakubweka. Madamu alimwita kwa Kiingereza, hakugeuka. Dereva aliyemleta akamwita kwa Kiarabu, hakugeuka. Wakagonga sufuria nyuma ya kichwa chake, akabaki akitazama mbele kama mtu aliye kwenye foleni. Daktari wa mifugo alisema huenda hasikii. Katika tangazo neno lile "huenda" liliachwa nje: dume, mpole, kiziwi.

Mchana, nyumba ilipofungwa mapazia na joto likasimama nje kama mtu anayesubiri kufunguliwa, mbwa yule aliinuka. Alitembea kufuata ukuta wa uani hadi kwenye kona, akainua pua, akaugusa ukuta, akangoja. Kisha akaenda kwenye kona ya pili, akafanya vilevile. Halafu lango. Halafu kibanda cha mitungi ya gesi. Hakunusa kama mbwa wanavyonusa. Aligusa, akangoja, akaendelea. Alipomaliza alilala, na baada ya muda akaanza upya. Nilimtazama kupitia dirisha la jikoni. Ukutani palikuwa na alama ndogo za unyevu, zote za kimo kimoja, zikikauka mbele ya macho yangu.

Siku moja nilikuwa jikoni, nimeiegemeza simu kwenye kopo la sukari, naongea na mama Unguja. Mdogo wangu wa mwisho aliona haya, akajificha nyuma ya mlango. Nikamwita.

"Njoo. Njoo hapa nikuone."

Nikasikia kucha juu ya vigae. Mbwa alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha jikoni, mahali asipokanyaga kamwe. Hakutazama chakula, wala simu. Alitazama mdomo wangu.

"Kaa," nikasema. Sikuwa namjaribu. Lilinitoka kwa woga.

Akakaa.

"Uko na nani huko?" mama akauliza.

"Sina mtu, mama."

"Mbona unamwambia mtu akae?"

Nimeishi na watu wengi Doha wasiojua neno moja la kwetu, nami nimezoea kuongea mbele yao kama niko chumbani peke yangu. Kumbe siku zote zile, nikiimba, nikilalamika, nikimsengenya madamu kwa mama, palikuwa na mwenye kusikiliza.

Nilimrekodi akizunguka ukuta, nikaituma video kwenye kundi letu la simu la wanawake wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi majumbani. Nikauliza nani anamjua mbwa huyu. Kesho yake jibu likaja: ni wa kaka mmoja Mkenya, askari wa kampuni ya ulinzi, Ijumaa, siku ya mapumziko huku, huwa kanisani Mesaimeer.

Nikaenda. Nilisimama nje ya geti na baibui langu, watu wakitoka ibadani na nguo zao nzuri, watoto wakinikodolea macho. Mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi hadi linang'aa, akanijia.

"Wewe ndiye sista wa mbwa?"

"Ndiye mimi, kaka."

"Na hiyo baibui. Kumbe mbwa wangu siku hizi analelewa na ustadhi."

"Simlei. Namwona tu."

"Hivyo ndivyo mimi pia nilianza."

Nikampa simu. Aliitazama video hadi mwisho, akairudia, kisha akaigeuza kifudifudi kiganjani mwake. Hakuwa na mzaha tena. Akanieleza kwamba kwenye lindo lake, pale kwenye eneo la ujenzi, palikuwa na vidude vidogo vilivyobandikwa ukutani, na askari akizunguka lazima aviguse kimoja kimoja kwa kifaa, kisha angoje kilie, ili ofisi ijue hajalala. Mbwa alimfuata mzunguko baada ya mzunguko. Siku moja mchana gari la kampuni likaja, yeye askari akaambiwa apande, amehamishiwa kwingine. Chakula cha mbwa kilikuwa bado kwenye kopo.

"Nilipigia wenzangu simu, wakaniambia amegongwa na lori," akasema. "Nikakubali. Ilikuwa rahisi kukubali."

"Waligonga sufuria nyuma yake, hakushtuka."

"Huyo amezaliwa katikati ya vyuma. Pale saiti kelele si kitu. Kitu ni mtu akikuita."

"Anaitwa nani?"

"Sikumpa jina. Ukimpa jina itabidi useme ni wako, na mimi sina ruhusa ya kuwa na kitu kinachokula."

Nikamwuliza kama angemtaka. Akacheka, akauliza amlaze kitanda cha juu au cha chini, maana chumba chao kambini kina vya aina zote mbili na vyote vina wenyewe. Ndipo nikamwambia lililonileta. Waliomchagua mbwa walikuwa mume na mke, wote viziwi. Mbwa wao wa kwanza, kiziwi pia, alikuwa amekufa. Walizungumza kwa mikono, na walitaka mbwa ambaye hatakosa sauti ndani ya nyumba yao.

Alisogea kupisha kundi la watu.

"Kwa hivyo hakuna mtu atamwongelesha."

"Hakuna."

"Usiwaambie," akasema. "Hapa atauawa na jua, ama na gari. Huko atakosa maneno tu."

"Maneno ni kitu kidogo?"

"Sista, mimi watoto wangu nawaona kwa simu, na niko hai. Mwache aende. Na usimwongeleshe tena, utamzoesha."

Nilijaribu. Nilihamisha simu za mama chumbani kwangu, mlango umefungwa, na nilipofungua nilimkuta amelala kizingitini, kichwa juu. Nilipopiga deki alihama nami chumba kwa chumba, akibaki nje ya kila mlango, macho kwenye mdomo wangu. Aliacha kuzunguka ukuta. Sasa alikuwa ananilinda mimi, au analilinda lile ambalo huenda ningelisema. Nyumba ikajaa usikivu. Mchana mmoja nilijigundua nimefanya kazi tangu asubuhi bila kutoa sauti, hata bismillahi nimeisema moyoni, na koo limekauka kama la mtu aliyepiga kelele. Nikaona hivyo ndivyo itakavyokuwa kule, kila siku, na yeye akingoja.

Jioni nikamwambia madamu. Nilimwita mbwa, akaja. Nikamwambia akae, akakaa. Madamu alijishika shavu.

"Nikiwaambia watachukua mwingine," alisema. "Na huyu hana mwingine wa kumchukua. Watu wanataka watoto wa mbwa, si mzee mwenye sikio bovu."

"Lakini wanaletewa mbwa siye."

"Wanaletewa mbwa aliye hai. Unajua ni wangapi siwezi kuwafikia?"

Madamu alikuwa mtu aliyeamka usiku kumnywesha dawa mnyama aliyemng'ata mchana. Akaifunga kompyuta yake, akaifungua tena.

"Kesho tunaonana nao hapa. Ukiwa na la kusema, sema. Sitakuzuia, wala sitakusaidia."

Kesho yake kioo cha kompyuta kiliwaka, tukawaona: bibi mwenye nywele za fedha na mumewe, nyuma yao dirisha lenye miti isiyo na majani. Bibi aliongea kwa mikono, kisha akaandika, maneno yakatokea chini ya uso wake. Alisalimu. Aliuliza mbwa yuko wapi. Mbwa alikuwa amelala upande wa pili wa sebule, ametugeuzia mgongo.

"Njoo," nikasema.

Alikuja. Bibi alikuwa akinitazama mimi. Aliuona mdomo wangu ukifunguka, akamwona mbwa akiinuka, na mikono yake ikashuka polepole mezani. Mumewe akamgusa bega. Hakugeuka.

Akaandika: Umemwambia nini?

Nikaandika herufi nne. Alizisoma kwa muda mrefu. Halafu akafunua kinywa, akazijaribu. Sauti nzito, iliyopindika, ilitoka kwenye kompyuta, sauti ambayo mwenyewe hajawahi kuisikia. Mbwa akatega masikio. Akaenda mbele ya kioo, akagusa kwa pua pale ulipokuwa uso wa bibi, akangoja. Hakuna kilicholia. Ndipo akazunguka nyuma ya kompyuta kumtafuta aliyemwita, akaukuta ukuta.

Bibi hakuweza kuona alikokwenda. Alituangalia, akalirudia neno lile, nyusi juu, akiuliza kwa uso wake kama linafika. Nyuma ya kompyuta mbwa alianza kukwaruza ukuta.

Madamu alinitazama. Nikamwambia bibi kwa kichwa, ndiyo.

Waliandikiana na madamu jioni ile yote. Walimchukua. Alipakiwa siku iliyopangwa, sandukuni mwake mkiwa na fulana yangu kuukuu, nami nikaosha mikono kwa udongo.

Askari aliniandikia Ijumaa.

Ameenda?

Ameenda, nikajibu. Wanajua anasikia.

Wanamwongelesha?

Neno moja.

Akauliza lipi, nikamwambia. Akaandika tena: Na akiitwa, anaenda?

Ningeweza kumwandikia ndiyo tu, kama nilivyomjibu yule bibi. Nikamwandikia nilichokiona: kwamba alikwenda, akamgusa usoni, kisha akazunguka nyuma kutafuta mtu. Alama mbili kando ya ujumbe wangu zikageuka buluu: ameusoma.